Mizani Iko kwa Watani

Masasi, 2 Juni 2025

Mama Petro, shikamoo.

Kwanza pole sana kwa msiba wa Mjomba Cyril. Siku ya mazishi nilikuwa Mtwara, habari nikazipata amekwisha kuzikwa, na tangu hapo naona aibu hata kupita njia ya Mkunya. Najua ndiye aliyekulea baada ya mama yako, na najua banda la kikundi limesimama kwenye uwanja wake. Mungu ampumzishe.

Pili, nina habari isiyo nzuri, na sitaizungusha. Wafadhili wamejitoa. Mradi uliokuwa uishe mwaka 2027 unafungwa tarehe 31 Julai mwaka huu. Hakuna aliyekosea huku kwetu. Wamebadilisha mipango yao huko kwao, sisi tumeletewa barua ya kurasa mbili. Ofisi ya Masasi inafungwa, nami narudi dukani kwa baba kuuza vitenge.

Linalowahusu ninyi ni hili. Kikundi ambacho vifaa vyake vyote vipo kama vilivyoorodheshwa kitaachiwa viwe mali yake, kwa hati. Kikundi kitakachopungukiwa hata kifaa kimoja kitanyang'anywa vyote, vipelekwe wilaya nyingine. Ndivyo walivyoandika. Orodha yenu: mashine sita za kubangulia korosho, jiko la mvuke, tanuri la kukaushia, na mizani kubwa ya kupimia magunia. Mkaguzi kutoka nje atafika Mkunya Jumanne, tarehe 24 Juni.

Nakuomba unithibitishie kwa maandishi kwamba vyote vipo. Ningepiga simu, lakini hupokei, na ofisi yenyewe inataka karatasi. Barua mpe Godfrey wa basi la asubuhi, atanifikishia.

Mwanao,
Mahmudu
Afisa Mradi


Mkunya, 6 Juni 2025

Baba Zuhra, marahaba.

Pole yako nimeipokea, na aibu yako nimeisamehe, ila siku ukija utakula ugali wa muhogo bila kukunja uso. Simu yangu ni nzima kabisa. Siipokei kwa makusudi. Kwenye simu mtu hukubali jambo kabla hajafikiri, halafu vocha inakwisha na neno limeshatoka.

Barua yako niliwasomea wenzangu. Ziada, katibu wetu, alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Wewe ulitukuta tayari tuna mashine, hujui tulikotoka. Tulikuwa tunakaanga korosho kwenye bati lililotobolewa, moto chini, moshi usoni, mafuta ya maganda yanaruka na kutuchoma mikono mpaka ngozi inabambuka. Miaka kumi na saba nimebangua hivyo. Binti yangu Pili alipojifungua mtoto wa kwanza, nilimshika kitoto akalia, mikono yangu ilikuwa inamkwaruza. Nikamrudisha kwa mama yake nikasema nina kazi jikoni. Sikuwa na kazi yoyote.

Tangu jiko la mvuke lije, miaka miwili hii, mikono imerudi. Huyo huyo mtoto sasa ananiletea kichwa nimsuke. Basi niambie, mimi nirudi kwenye bati? Wanawake ishirini na wawili warudi kwenye bati kwa sababu mtu wa ng'ambo amebadilisha mipango?

Mwambie mkaguzi aje. Mashine sita zipo, jiko lipo, tanuri lipo. Mizani iko kwa fundi Newala, ilikuwa inasoma vibaya. Itakuwa imerudi kabla ya siku.

Mimi mama yako,
Dominika
Mwenyekiti, Kikundi cha Wabanguaji Mkunya


Masasi, 11 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Wabanguaji Mkunya.

Yah: Mizani

Jana nilikuwa Newala kwa shughuli nyingine. Nikasema nipitie kwa fundi niichukue mizani, nikuokolee safari. Mafundi wa mizani Newala ni wawili tu. Wa kwanza amesema hajaona kitu cha Mkunya tangu mwaka jana. Wa pili ameniuliza kama inauzwa, maana yeye angeinunua.

Mama, sijui niandikeje. Msiba una gharama zake, naelewa, na watu wakibanwa hufanya mambo. Kama mmeiuza, niambie wewe kabla sijaambiwa na mtu mwingine. Mara nyingi nimekisemea kikundi chenu vizuri mbele ya wakubwa. Sitaki kusimamia jambo nisilolijua.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi.

Mahmudu
Afisa Mradi


Mkunya, 13 Juni 2025

Mahmudu,

Leo sikuiti Baba Zuhra. Baba Zuhra ninayemjua hawezi kunidhania wizi kwa neno la mafundi wawili.

Lakini na mimi nilikudanganya, kwa hiyo hapo tumelingana. Mizani haikwenda kwa fundi. Mizani iko kwa watani.

Unamjua Fikirini wa Lulindi? Mmakua mmoja mrefu, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Siku ya mazishi alifika na wenzake sita, wakakaa mbele kabisa, mahali pa wafiwa, wakadai chai ya maziwa. Wakasema hawaoni kwa nini tunalia wakati marehemu amekwenda na madeni ya chumvi ya nyumba zote za Lulindi. Halafu Fikirini akaingia bandani, akatoka na mizani kichwani, akaiweka chini karibu na jeneza.

"Tunataka kujua huyu mzee aliwalisha kiasi gani!" Akaanza kuwapandisha wafiwa mmoja mmoja. "Huyu themanini na tatu! Amekula vya mjomba huyu, msimpe tena chakula. Huyu hamsini na moja, huyu ndiye mwenye uchungu wa kweli, mwacheni alie." Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na kamasi zao. Mpaka mzee wa kanisa alipimwa. Alikataa, wakampandisha kwa kumbeba.

Walipomaliza akaitwika. "Hii inakwenda Lulindi," akasema. "Mkiitaka, njia mnaijua."

Na njia naijua. Kilichochukuliwa na watani msibani hukombolewa siku ya arobaini, na mfiwa mwenyewe, kwa jogoo na makopa ya muhogo. Arobaini ya Mjomba ni tarehe 3 Julai. Mkaguzi wenu anakuja tarehe 24 Juni. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Utaniuliza kwa nini nisiende kuiomba mapema. Alipofariki baba yake Fikirini, Mjomba Cyril alikwenda Lulindi akang'oa mlango wa mbele wa nyumba yao. Mlango mzima na bawaba zake. Ulikaa hapa kwetu siku arobaini, mwezi wa Juni, kwa baridi hii unayoijua, wenzetu wanalala na pazia. Hakuna aliyekuja kuuomba wala kununa. Fikirini alikuja siku yake, jogoo kwapani, anacheka tangu barabarani. Leo mimi nikalilie mizani kabla ya siku? Itakuwa nimemzika mjomba wangu kama mkimbizi.

Nilisema iko kwa fundi kwa sababu niliogopa. Mtani mtamwandikaje kwenye fomu zenu? Ataandikwa mwizi. Na wewe, mtoto wa hapa hapa, umekuwa wa kwanza kulifikiria neno hilo.

Dominika


Masasi, 16 Juni 2025

Mama Petro, shikamoo, na nisamehe.

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu, ya tatu nikamsomea baba dukani. Aliacha kupima kitenge akanitazama. "Wewe kijana wa Kiyao," akasema, "kitu kimetoka msibani, unakwenda kukitafuta kwa fundi?" Wateja walikuwepo. Nilistahili.

Sasa na mimi nina la kukiri, tena baya kuliko la fundi wako. Siku ile ile niliyokuandikia, tarehe 11, nilituma taarifa makao makuu Dar es Salaam. Sikungoja jibu lako. Niliandika hivi: mizani ya Mkunya haionekani, inadhaniwa imeuzwa. Niliogopa wakigundua wenyewe watasema tumekula pamoja. Taarifa hiyo mkaguzi ameshapewa, na siwezi kuirudisha. Nimekuponza, Mama, na sili nikashiba.

Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza, kesho nakwenda Lulindi mwenyewe kwa pikipiki ya ofisi, na barua rasmi yenye muhuri, nimwombe Fikirini aiachie mizani kwa siku moja tu. Ya pili, ikishindikana hiyo: chama cha msingi kimoja huku Lisekese kina mizani ya aina ile ile. Tutaiazima, nitabandika kibandiko cha mradi, ninavyo vingi mezani. Mkaguzi ataiona, ataweka alama yake, ataondoka.

Hili la pili usimwambie mtu.

Mwanao,
Mahmudu


Lulindi, 18 Juni 2025

Kwa Bwana Muhuri, Masasi.

Salamu sikupi, maana ulipokuja jana hukunipa. Ulianza na "Yah".

Ulisimama mlangoni kwangu ukanisomea karatasi kwa sauti ya hakimu. Mke wangu alidhani tumeshtakiwa, akaanza kukusanya vyombo. Alipoelewa ni habari ya mizani, alicheka mpaka akaunguza mboga, na mboga hiyo naihesabu kwako. Tangu jana kila nikimwomba kitu ananijibu, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Mizani nakiri ninayo. Iko chumbani, imefunikwa kanga, hapimwi mtu wala kuku. Mali ya kikundi haichezewi kwangu. Tunamchezea marehemu na wafiwa wake tu.

Ufunguo wa pikipiki yako pia nakiri ninao. Babu yako alikuwa mtani wa babu yangu, mwulize baba yako dukani, kwa hiyo na wewe uko mikononi mwangu kihalali. Nasikia ulirudi Masasi juu ya magunia ya muhogo. Pole. Pikipiki iko kivulini, inapumzika kuliko wewe.

Mizani itatoka tarehe 3 Julai. Aje Dominika mwenyewe. Jogoo mwekundu mmoja, makopa debe moja. Jogoo mweupe sitaki, anafanana na karatasi.

Fikirini
Mtunza Mizani


Mkunya, 20 Juni 2025

Baba Zuhra, marahaba. Nimekurudishia jina lako.

Barua ya Fikirini uliyoitia ndani ya bahasha nimeisoma. Kikaratasi chako cha maneno matatu nacho nimekisoma: "Nimeshindwa. Tuazime, Mama." Juu ya magunia ya muhogo, mwanangu! Na muhuri mfukoni! Sijacheka hivyo tangu msiba, na hata hapo nilicheka kwa mdomo tu.

Kuhusu kuazima. Uliniambia nisimwambie mtu, nikawaambia wote, mashine si zangu peke yangu. Wengi walitaka tuazime. Ziada alisema uongo wa siku moja haujaua mtu. Nami nilikuwa karibu kukubali, nilishafungua mdomo.

Halafu nikajiona nimesimama uwanjani kwa Mjomba, hajatimiza hata mwezi kaburini, nimevaa kanga nzuri, natabasamu wakati mgeni anainama kusoma namba ya mizani ya watu wa Lisekese. Nikasema hapana. Uongo wa fundi tu umenifikisha hapa. Wewe uliandika imeuzwa kwa sababu mimi niliandika iko kwa fundi, na sasa tuongeze wa tatu? Mizani yetu inajulikana iliko na kwa nini iko huko. Sioni aibu ya kuficha.

Basi nitamwambia mkaguzi mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Wewe utatafsiri neno kwa neno. Usilainishe, usirefushe.

Naogopa, Baba Zuhra. Mbele ya wenzangu sisemi, kwako nasema. Naogopa sana. Nikishika jembe naliona lile bati, nikikoroga uji naliona. Lakini nitamwambia.

Mama yako,
Dominika


Mkunya, 25 Juni 2025

Baba Zuhra,

Wewe sikulaumu. Ulitafsiri kama nilivyokuomba, hukulainisha wala hukurefusha.

Nilidhani ataletwa Mzungu. Aliposhuka garini mwanamke mweusi kama sisi, mtu mzima, kilemba chake kichwani, moyo wangu ulitulia, nikasema huyu atasikia. Nikamwambia yote: watani, wafiwa kupimwa, mlango wa baba yake Fikirini, jogoo, arobaini. Nikamwona anakunja uso. Nikamwona anavuta mtandio anajifunika mpaka machoni, mabega yanamtetemeka kwa hasira. Akasimama, akaenda garini bila kuaga, na wewe ukamfuata mbio. Mtu mzima akiondoka bila kuaga ameshakata shauri.

Njooni mchukue mashine. Leo tumezifungua na kuzisafisha zote sita, zisiende kwa wenzetu na mafuta yetu. Ziada analia tangu asubuhi. Mimi silii, nina kazi ya kuzifunga kamba. Kama inawezekana mtuachie wiki moja tumalizie magunia matatu yaliyobaki. Kama haiwezekani, basi.

Sijutii kusema kweli. Ila inauma.

Dominika


Masasi, 25 Juni 2025

Mama Petro! Shikamoo!

Nimepiga simu mara kumi na moja! Kumi na moja, Mama! Nimemwomba Godfrey asiiache barua hii kituoni, aje nayo mpaka mlangoni kwako.

Alikuwa anacheka! Yule mama hakukasirika, alikuwa anacheka!

Nakueleza kwa mpangilio. Anaitwa Bi Awa Sawadogo, ni mtu wa Burkina Faso. Jana nilipoingia garini nilimkuta ameuma mtandio kwa meno, machozi yanamtoka. Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono. Alipopata pumzi akasema, mkaguzi hatakiwi kuonekana anacheka kwenye uwanja wa msiba, ndiyo maana alikimbia. Halafu akacheka tena mpaka tukafika Newala mjini, dereva naye anacheka bila kujua kwa nini.

Kwao, Mama, utani ni wa nchi nzima. Kabila na kabila, ukoo na ukoo. Alipozikwa baba yake, watani waliingia kaburini wakalala humo. Wakasema mzee alikuwa mfupi, shimo kubwa hivi ni anasa, watalitumia wao. Hawakutoka mpaka shangazi zake walipowaletea kuku wawili. Ameniambia ameshakagua miradi katika nchi tisa, amesomewa sababu za kila namna za vifaa kupotea, na yako ndiyo ya kwanza ambayo ameiamini kabla haijaisha.

Halafu akatoa kwenye mkoba taarifa yangu ile ya tarehe 11. Akaniuliza, "Neno hili 'imeuzwa' ulilipata wapi?" Akasema kalamu yangu ina haraka kuliko miguu yangu, akanirudishia niandike upya mbele yake. Kwenye safu ya mahali kifaa kilipo nimeandika: Lulindi, kwa mtani wa familia, hadi siku ya arobaini. Amesaini chini yake.

Sheria haikulegea, lazima aione kwa macho. Ndege yake ilikuwa tarehe 28, ameisogeza mbele. Tarehe 3 atakuwa Lulindi, na hati atakuja nayo. Mimi sitakuwepo, nimeitwa Mtwara kukabidhi magari ya ofisi. Mtaelewana tu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini hachelewi kuelewa.

Mama, sijui nikwambie nini. Nimeshusha mzigo. Leo mchana nimekula sahani mbili za wali, mke wangu akaniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia hapana, sijapata, nipe nyingine.

Mwanao,
Mahmudu

Ufunguo wa pikipiki niombee. Nakwenda kwa miguu wiki nzima sasa.


Mkunya, 5 Julai 2025

Baba Zuhra, marahaba, tena marahaba.

Barua zetu zilipishana njiani. Godfrey alichukua yangu asubuhi ya tarehe 26, akarudi jioni na yako, anagonga mlango kana kwamba nyumba inaungua. Niliisoma nimesimama. Nilipofika pale pa "alikuwa anacheka" nikakaa kwenye kinu. Mashine zote sita zilikuwa zimefungwa kamba tayari, na mafundo ya Ziada hayafunguki, ilibidi tukate. Akasema potelea mbali, angalau zimeng'aa.

Sasa nikusimulie arobaini, uliikosa.

Tulikwenda watu wanane. Jogoo mwekundu nilimtafuta siku tatu, maana Fikirini ni mtu wa kumkataa jogoo kwa unyoya mmoja. Bi Awa tulimkuta ameshafika, amekaa kwenye mkeka na mke wa Fikirini wanachambua mchicha, hawaelewani lugha na maneno hayaishi. Fikirini akampokea jogoo, akamgeuza, akamnusa, akasema huyu amelala njaa, Wamakonde wameishiwa. Makopa akayatafuna akasema yana mchanga wa Mkunya. Kila kitu kilikwenda sawasawa.

Halafu akaitoa mizani chumbani, na ulimi ukamwasha. Akamvuta Bi Awa akampandisha. "Tisini na nne! Mnaona? Wafadhili wameshiba, ndiyo maana wanaondoka!"

Nilimwona Ziada anafumba macho. Mimi nikasema moyoni, mashine zimekwenda, tena leo zimekwenda kweli.

Bi Awa akashuka taratibu. Akamkaribia Fikirini, akamvua kofia kichwani, ile kofia yake ya kutarizi ya sikukuu, akaivaa juu ya kilemba. Akasema kwa Kiswahili chake, "Hii kwenda Ouagadougou. Wewe kuja arobaini. Wewe kuleta kuku." Nakuambia, mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona Fikirini hana neno. Amefungua mdomo, umebaki wazi. Mke wake alipiga kigelegele cha kusikika Masasi. Na kofia imekwenda kweli, alipanda nayo garini.

Hati tuliitia saini juu ya ile mizani, mimi, Ziada na yeye. Mashine sita, jiko, tanuri, mizani, mali ya Kikundi cha Wabanguaji Mkunya. Nimeisoma kila neno, halafu nikampa Ziada naye asome, halafu nikaisoma tena. Imefungiwa kwenye sanduku la mama yangu. Bi Awa alisema wafadhili hawatarudi, tusiwangoje. Nikamwambia hatuna muda wa kungoja, Septemba korosho zinaanza kuanguka.

Ufunguo wako amekataa kutoa. Anasema jogoo wangu ni wa mizani tu, wewe ulete wako.

Lililobaki naliandika taratibu.

Mizani ilikuwa ipelekwe garini. Fikirini akasema hapana, aliyeileta ataitoa. Akaitwika. Halafu akaanza kutembea, na hakuwa Fikirini tena. Wewe hukumwona Mjomba Cyril akitembea siku za mwisho: bega la kushoto limeshuka, mguu mmoja unachelewa, kila hatua nne anasimama anakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi. Fikirini alitembea hivyo hivyo. Akasimama hivyo hivyo. Akakohoa. Akanigeukia akaniambia kwa Kimakonde, kwa sauti ile ile ya kukwaruza, "Dominika, chakula hakijaiva tu?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mbele ya watu, mimi mwenyekiti. Na katikati ya kucheka kikaja kilio. Tangu mazishi ya tarehe 24 Mei sikuwa nimelia, Baba Zuhra. Wote walilia, mimi nilisimama nagawa sahani, halafu ikaja barua yako ya kwanza, nikawa na mashine kifuani badala ya mjomba wangu. Sasa mashine zilikuwa zimepona, hapakuwa na kitu cha kunizuia. Nililia nikakaa chini kwenye mchanga wa Lulindi. Bi Awa akakaa pembeni yangu. Aliniacha nilie.

Fikirini aliponiona alisimama, akataka kuitua mizani. Uso wake ukarudi kuwa wake. Nikamkataza kwa mkono. Nikamwambia asisimame, gari halina haraka, azunguke uwanja mara moja tena.

Akazunguka.

Dominika